Paul Bomani: Karani wa Mwadui aliyewapa wakulima wa pamba mizani yao

Mkulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alifika kwenye gulio akiwa amebeba mavuno ya msimu mzima. Alikuwa amepalilia tangu mvua za kwanza, amechuma kwa mikono yake na ya watoto wake, amechambua nyeupe na fifi, kisha akatembea mwendo mrefu hadi penye mizani. Hapo kazi yake yote iligeuka kuwa namba moja iliyosomwa na mtu mwingine. Aliyesoma namba hiyo ndiye aliyenunua, na aliyeuza hakuwa na njia ya kuihakiki. Serikali ya kikoloni ilitangaza bei ya pamba kila msimu, na bei hiyo ilijulikana hadi vijijini. Uzito ndio uliokuwa siri, na wizi ulifanyika humo.

Maisha ya Paul Lazaro Bomani katika utumishi wa umma yalianzia penye mizani hiyo. Wasomaji wengi wanamkumbuka kama Mwafrika wa kwanza kuwa Waziri wa Fedha wa nchi hii, au kama balozi wa miaka mingi mjini Washington, au kama Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyevaa joho na kutunuku digrii. Vyeo hivyo vina uzito wake. Hata hivyo, kwa anayetaka kuelewa kwa nini baadhi ya vyombo vya umma hufanya kazi vizuri na vingine, vikiwa na sheria zilezile na fedha zilezile, hushindwa, kazi aliyoifanya Bomani kati ya mwaka 1950 na 1960 katika ukanda wa Shinyanga, Mwanza na Geita ina mafunzo zaidi ya vyeo vyote alivyopata baadaye.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1925 huko Ikizu, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Mara, akiwa mtoto wa mchungaji wa Kanisa la Waadventista Wasabato. Alisoma katika shule za kanisa hilo, na alipomaliza masomo alikwenda Mwadui, Shinyanga, kufanya kazi ya ukarani katika mgodi wa almasi wa Williamson. Mgodi ulikuwa mchanga. Mwanajiolojia John Williamson, raia wa Kanada, alikuwa ameyagundua mawe hayo mwaka 1940, na Mwadui ilikuwa ikikua haraka kutoka kambi ya porini hadi mji wenye uzio, ulinzi na utaratibu wake wenyewe. Bomani hakukaa hapo muda mrefu. Lakini kijana wa miaka 19 au 20 anayeshika vitabu vya hesabu mahali ambapo kila punje ya mali hupimwa, huandikwa na kulindwa, halafu anatoka nje ya uzio na kukuta mkulima asiyejua hata uzito wa pamba yake mwenyewe, hawezi kukosa kuiona tofauti hiyo.

Mwaka 1947 alikuwa Mwanza, akiwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika. Kilikuwa chama kidogo chenye mtaji mdogo, kikishindana na maduka makubwa yaliyokuwa na mikopo na maghala. Kilichokuwa muhimu zaidi ni kwamba ofisi yake ilikuwa mahali pa kukutania. Wakulima waliokuja mjini walileta malalamiko yao, na malalamiko yalifanana, yawe ya Ukerewe, Geita, Kwimba, Maswa au Shinyanga: mizani inapunja.

Bomani angeweza kuandika barua kwa Serikali na kusubiri majibu. Barua aliandika, lakini hakusubiri. Yeye na wenzake walianza kuzunguka vijijini, na karibu mwaka 1950 wakaanzisha chama cha wakulima wa pamba cha Jimbo la Ziwa. Kazi ya kwanza ya chama hicho ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuitekeleza. Wakulima wa eneo moja walichanga fedha, wakamchagua mtu wao anayejua kusoma na kuandika, wakamweka penye gulio na mizani yao ili apime pamba kabla haijafika kwa mnunuzi. Mkulima alikwenda kwa mnunuzi akiwa tayari anajua ana ratili ngapi.

Ukweli huo ulitosha kubadili mambo. Bei ilibaki ileile, sheria ileile na mnunuzi yuleyule, ila mkulima alipata namba ya pili ya kulinganisha na ile ya kwanza. Mpima mizani hakutumwa na Boma wala na mtemi, na mshahara wake ulitoka mfukoni mwa watu waliokuwa wamepanga foleni mbele yake. Akipunja, walijua nyumbani kwake. Kwa lugha ya leo tungesema uwajibikaji wake ulielekea chini, kwa wananchi, kabla ya kuelekea juu.

Inafaa kusimama kidogo hapa na kutazama chombo kingine kilichokuwa kikifanya kazi katika eneo lilelile na kwa watu walewale. Kuanzia mwaka 1947 Serikali ya kikoloni iliendesha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, makao yake yakiwa Malya, ambako watemi wa Usukuma walikutana katika baraza lao la shirikisho. Kwa karatasi, hicho kilikuwa chombo cha utawala wa mitaa chenye kila kitu: hazina, wataalamu, mabwana shamba, mahakama na amri zilizopitishwa na baraza. Kiongozi wake aliyejulikana zaidi alikuwa Mtemi Kidaha Makwaia wa Busiya, Shinyanga, msomi aliyekuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945. Mpango huo ulichimba malambo, ulisafisha mapori yenye mbung'o na kuwahamishia watu Geita, ambako ardhi ilikuwa bado na nafasi. Mengi ya yaliyofanyika yalikuwa na manufaa ya kweli, na malambo kadhaa yaliendelea kunywesha ng'ombe miaka mingi baadaye.

Kasoro ilikuwa katika namna ya kuongoza. Amri zilihusu kila kitu: matuta ya kukinga mmomonyoko, ekari za mihogo, idadi ya ng'ombe wa kuuzwa kila mwaka, samadi, ukataji wa miti. Aliyekiuka alitozwa faini. Mtemi, ambaye kwa mila alitazamwa kama baba wa nchi na mleta mvua, akageuzwa msimamizi wa faini. Mkulima wa Kisukuma hakuwa mvivu wala adui wa kazi ya pamoja. Vijana wake walikuwa na desturi ya kulima kwa vikundi, wakicheza ngoma na kuongozwa na nsumba ntale waliyemchagua wenyewe, na kundi hilo liliweza kumaliza shamba kubwa kwa siku moja. Watu haohao wakipewa amri ya kulima matuta walilima kwa shingo upande, au walisubiri hadi bwana shamba apite. Watu haohao walipoambiwa na wapimaji wao wenyewe kwamba chama kinahitaji ghala, walibeba mawe na mchanga na kulijenga.

Sisi tunaofanya kazi ya habari serikalini tunaujua ugonjwa huu, kwa sababu mara nyingi huletwa kwetu ukiwa umepewa jina la upungufu wa uelewa wa wananchi, tukiombwa tutoe elimu. Wakati mwingine elimu inahitajika kweli. Katika Usukuma ya wakati ule wananchi walielewa vizuri mno, na walichokosa ni sauti katika uamuzi.

Serikali ya kikoloni, kwa sifa yake, iliona haraka kwamba vuguvugu la wakulima lilikuwa na faida. Idara ya ushirika ilikubali kusajili vyama vya msingi, na Bomani alipelekwa Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika. Aliporudi aliikuta kazi imekua. Vyama vya msingi viliungana katika vyama vikuu, na mwaka 1955 vyama vikuu viliungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, yeye akiwa meneja mkuu akiwa na umri wa miaka 30. Mwaka baada ya mwaka shirikisho lilichukua sehemu kubwa zaidi ya ununuzi wa pamba, na kufikia mwaka 1959 pamba yote ya Jimbo la Ziwa ilinunuliwa kupitia vyama vya wakulima. Vyama vilianza pia kumiliki vinu vya kuchambua pamba, kile cha Kasamwa wilayani Geita kikiwa miongoni mwa vya mwanzo. Shirikisho lilitajwa kuwa chama kikubwa kuliko vyote vya ushirika vilivyomilikiwa na Waafrika barani.

Waliomfahamu Bomani wa miaka hiyo walimweleza kama mtu wa sauti ya chini na hesabu kali. Hakuwa mhutubu wa kuwasha umati. Alikuwa mtu wa mikutano mirefu chini ya mti, ya kusikiliza hadi wa mwisho amalize, na kisha kufungua daftari. Uhuru wa chama cha msingi aliuheshimu katika mambo mawili ambayo vyombo vingi vya umma hukosea. Wanachama walimchagua katibu wao na mpimaji wao, na waliweza kumwondoa. Tena ushuru uliokatwa kwa kila ratili ulijulikana, na sehemu yake ilibaki palepale kijijini kujenga ghala na kulipa watumishi. Mkulima aliona fedha yake ikigeuka bati na tofali.

Haya yote yalitokea wakati ambapo siasa ilikuwa imefungiwa mlango. TANU ilianzishwa Julai 1954, na muda mfupi baadaye ikanyimwa usajili katika Jimbo la Ziwa, hali iliyodumu hadi mwaka 1958. Bomani mwenyewe alikuwa ameongoza chama cha TAA katika jimbo hilo kabla ya TANU, na sasa alikuwa meneja wa shirika linalohitaji leseni, mikopo na ridhaa ya Serikali ileile iliyokizuia chama cha wenzake. Katikati ya miaka hiyo aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Wapo waliomwona mpole mno. Wapo waliosema kwamba bila upole huo shirikisho lingefungwa kabla halijasimama. Mwandishi wa makala haya anaelekea upande wa pili, ingawa anakiri kwamba ni rahisi kusema hivyo leo.

Mtihani mkubwa ulikuja Geita. Katika miaka ya 1950 Gavana Edward Twining alitaka serikali za mitaa ziwe na wajumbe wa rangi zote: Waafrika, Waasia na Wazungu. Mwaka 1955 liliundwa baraza kubwa la eneo la kusini na mashariki mwa Ziwa, likiwa na makao Mwanza, ambalo halikupata mizizi. Baada ya hapo Serikali ikageukia wilaya, na Geita ikachaguliwa kuwa mfano. Sababu haikuwa ngumu kuonekana. Geita ilikuwa na mgodi wa dhahabu uliofunguliwa miaka ya 1930, mkubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki wakati huo, wenye jumuiya ya Wazungu; ilikuwa na wenye maduka na vinu Waasia; na ilikuwa na wakulima Waafrika waliohamia kutoka Usukuma na waliotanguliwa na wenyeji Wazinza. Walioko Boma waliona jamii tatu zinazoweza kuketi meza moja.

Wananchi waliona kitu kingine. Walipa kodi wa wilaya walikuwa Waafrika karibu wote, na baraza lililokuwa litumie kodi yao lingekuwa na viti vya watu wachache ambao hawakuwachagua. Zaidi ya hayo, baraza lilikubaliwa na watemi kwa niaba yao, bila wao kuulizwa. Huko ambako mkulima alikuwa ameshazoea, kwa miaka 7 au 8, kumchagua mpimaji wake na kumwondoa akimkosea, jambo hilo halikumeng'enyeka. Hapa ndipo mtu anapoiona athari ya ushirika nje ya biashara ya pamba. Vyama vya msingi vilikuwa vimefundisha watu namna ya kuitisha mkutano, kuandika kumbukumbu, kumtuma mjumbe na kudai majibu yake.

Katikati ya mwaka 1958 watu wa Geita walikusanyika kwa maelfu kudai baraza livunjwe. Waliposhindwa kupata jibu waliloridhika nalo kwa Mkuu wa Wilaya, umati ulisafiri hadi Mwanza kumwona Mkuu wa Jimbo, ukapiga kambi na kungoja. Polisi walitumia mabomu ya machozi kuwatawanya, na viongozi kadhaa walikamatwa. Watemi, ambao walikuwa wametia sahihi, walijikuta hawana amri juu ya watu wao. Mwezi Julai mwaka huohuo Gavana mpya, Richard Turnbull, alichukua nafasi ya Twining, na moja ya mambo aliyoyaona mapema ni kwamba sera hiyo haitekelezeki. Mabaraza ya lazima ya rangi zote yaliachwa, na kabla mwaka haujaisha TANU ikaruhusiwa tena katika Jimbo la Ziwa.

Bomani katika miezi hiyo alikuwa pande mbili. Alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria na meneja wa shirika ambalo msimu wake wa kununua pamba huangukia miezi hiyohiyo ya kiangazi, na wakulima waliopiga kambi Mwanza ndio waliokuwa wanachama wake. Hakujitokeza kama kinara wa maandamano, na hilo lilimpunguzia sifa mbele ya vijana wenye hamasa. Lakini magulio yaliendelea kufunguliwa na pamba iliendelea kulipwa. Katika uchaguzi wa 1958/59 alirudi katika Baraza la Kutunga Sheria, safari hii kwa kuchaguliwa na kwa tiketi ya TANU.

Septemba 1960 Mwalimu Julius Nyerere alipounda baraza lake la kwanza la mawaziri, Bomani alipewa Kilimo na Maendeleo ya Ushirika. Hapo mambo yakaanza kugeuka kwa namna ambayo wasifu wa sherehe hupenda kuiruka. Mafanikio ya Ziwa yalimshawishi kila mtu kwamba ushirika unaweza kupandwa popote na kwa haraka. Baada ya Uhuru vyama vilisajiliwa kwa wingi katika maeneo mengi ya nchi, vingi bila uchunguzi wa kutosha kama vina mazao, wanachama au makatibu wanaojua hesabu. Katika Usukuma vyama vilichukua miaka kukua kutoka chini, kuanzia mtu mmoja na mizani moja. Kwingineko vilifika vikiwa tayari vimeandikwa jina. Bomani hakuwa peke yake katika uamuzi huo, na wananchi wenyewe walikuwa wakidai vyama. Lakini yeye, kuliko waziri mwingine yeyote, alijua jinsi kitu hicho kinavyoota.

Mwaka 1962 alihamia Wizara ya Fedha, akapokea kiti kutoka kwa Sir Ernest Vasey. Ilikuwa miaka migumu ya nchi changa: mpango wa kwanza wa miaka mitano, Muungano wa 1964, na mwisho wa sarafu moja ya Afrika Mashariki uliotangazwa mwaka 1965, uamuzi uliofungua njia ya Benki Kuu iliyoanza kazi Juni 1966. Hayo yana wataalamu wake wa kuyaeleza, na tunayapita.

Huku nyuma, shirikisho la Victoria lilikuwa limekuwa jitu. Lilinunua matrekta na kuanzisha mashamba makubwa ya pamoja, ambayo kwa sehemu kubwa yalileta hasara, kwa kuwa trekta ililima lakini palizi na kuchuma vilibaki vya mikono, na mwanachama alilipalilia kwanza shamba lake. Lilijenga na kununua vinu. Kati ya mkulima na mnada wa pamba sasa palikuwa na chama cha msingi, chama kikuu, shirikisho, bodi ya mazao na halmashauri ya wilaya, na kila mlango ulikata chake. Katibu wa chama, ambaye zamani aliteuliwa kwa kuwa mwaminifu kijijini, sasa alizidi kutazama juu, kwenye ofisi iliyompa fedha za kununulia na gari la kusombea. Malalamiko ya kupunjwa yakarudi magulioni. Safari hii mpimaji alikuwa wa chama.

Septemba 1965 ulifanyika uchaguzi wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, majimbo mengi yakiwa na wagombea wawili. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aligombea Mwanza, na wapiga kura wakamwangusha. Aliyeanguka naye ni waziri mwenzake mmoja na naibu mawaziri kadhaa. Katika nchi nyingi za jirani za wakati ule jambo kama hilo lisingetokea, au lingetokea na kufichwa. Hapa lilitangazwa. Wakulima wa Ziwa walikuwa wamefundishwa kwamba mpimaji anayewakosea huondolewa, nao walilitumia fundisho hilo kwa mtu aliyewafundisha.

Je, ilikuwa haki? Bomani hakuwa tena meneja wa shirikisho, na mengi yaliyoharibika yaliharibika baada ya yeye kuondoka. Lakini jina lake na la shirikisho yalikuwa kitu kimoja machoni pa watu. Aliyepokea sifa ya ghala lililojengwa ni lazima apokee pia lawama ya ushuru uliozidi. Mwalimu Nyerere alimteua kuwa mbunge na kumrejesha katika baraza la mawaziri, akimkabidhi masuala ya uchumi na mipango ya maendeleo. Kwa kila dalili Bomani aliupokea uamuzi wa wapiga kura bila kulalamika hadharani.

Mwaka 1966 Rais aliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Kamati ilikuta mengi: wizi, watumishi wasio na ujuzi, wanachama wasioelewa haki zao, kuingiliwa na wanasiasa, na vyama vilivyokuwa mbali na wanachama wake. Serikali iliingia na kusimamia shirikisho, na kabla ya muongo kwisha likabadilishwa kuwa Nyanza Cooperative Union. Dawa ilikuwa ya kweli kwa ugonjwa wa kweli, ila iliongeza umbali uleule ambao kamati ilikuwa imeulalamikia. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa kwa mpango wa madaraka mikoani, ambao licha ya jina lake uliwaweka watendaji wa wilaya chini ya Serikali Kuu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa, na ununuzi wa pamba ukakabidhiwa mamlaka ya zao. Katika wilaya za Shinyanga, Maswa, Geita na Kwimba, ambako miaka 20 nyuma mkulima alikuwa na baraza la kulivunja na katibu wa kumfukuza, hapakuwa tena na halmashauri wala chama kikuu.

Bomani hakuwapo nchini kuyashuhudia kwa karibu. Kuanzia mwaka 1972 alikuwa balozi Marekani, kituo alichokishikilia kwa takriban miaka 11, akiiwakilisha pia Tanzania nchini Mexico. Aliporejea mwaka 1983, Serikali ilikuwa tayari imekiri kwamba kufuta vyombo hivyo kulikuwa kosa. Sheria za mwaka 1982 zilirudisha serikali za mitaa, zikaanza kazi mwaka 1984, na sheria nyingine ya mwaka huohuo wa 1982 ilirudisha vyama vya ushirika. Nyanza ikafufuka, na Shinyanga ikapata chama kikuu chake, SHIRECU. Madeni ya zamani, hata hivyo, hayakufufuka na mizani ya zamani. Majengo yalirudishwa mapema kuliko imani ya wanachama.

Alirudi katika baraza la mawaziri kwa kipindi, na mwaka 1993 akawa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wadhifa aliokuwa nao hadi mwisho wa maisha yake. Alifariki tarehe 1 Aprili 2005.

Geita aliyoiacha si ile ya 1958. Mgodi wa zamani wa dhahabu ulifungwa mwaka 1966, mgodi mkubwa wa sasa ukaanza uzalishaji mwaka 2000, na mwaka 2012 wilaya ikawa mkoa. Halmashauri zake hupokea ushuru wa huduma unaokokotolewa kutokana na mauzo, na tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 mpango wa mgodi wa kuchangia huduma za jamii hujadiliwa na kukubaliwa na halmashauri yenyewe. Vikao hivyo vya madiwani huwa virefu. Hubishaniwa ni kata ipi ipate zahanati na ipi ingoje, na mgeni aliyetoka makao makuu anaweza kuona muda unapotea. Mzee wa Kasamwa aliyewahi kupanga foleni gulioni angeona ni muda wa kawaida.

Tarehe 17 Machi 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifungua mjini Geita soko la kwanza la madini la aina yake nchini. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamgasa, aliyezoea kuuza dhahabu yake kwa mnunuzi aliyekuja na mizani yake mfukoni, sasa huingia katika jengo la umma na kuweka dhahabu juu ya mizani ya Serikali, mbele ya ofisa wa madini na wanunuzi kadhaa kwa pamoja. Namba husomwa kwa sauti na kuandikwa kwenye karatasi, na nakala moja anaondoka nayo mchimbaji.